Khabari za Vijidudu vya Ngozi na Mbu wa Bonde la Kilombero

Katika nyumba nyingi za Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero husikiwa neno hili: watu wawili wamelala chumba kimoja usiku mmoja, na asubuhi mmoja wao ameamka mwili wake umejaa alama za mbu, na mwenziwe hana hata moja. Ikiulizwa sababu, jawabu iliyo maarufu ni kwamba yule aliyeumwa ana damu tamu. Neno hili limerithiwa kwa wazee, na watu hulikubali pasipo kulichungua. Lakini likipimwa halisimami, kwa kuwa mbu humchagua mtu wake kabla hajaionja damu yake. Humjia gizani kutoka mbali, wala ladha ya damu haionjwi kwa mbali. Basi kinachomwongoza mbu sharti kiwe katika pumzi ya mtu au katika harufu itokayo juu ya ngozi yake. Pumzi khabari yake ni fupi: kila mwenye uhai hutoa hewa ya ukaa, na mbu hutambua kwayo kwamba hapa pana kiumbe. Ama harufu ya ngozi, hiyo ndiyo inayomfarikisha mtu na mtu, nayo haifahamiki ila kwa kutaja kwanza viumbe wadogo wakaao juu ya ngozi, namna wanavyosemezana, wanavyosaidiana na wanavyogombana.

Viumbe hao huitwa bakteria, na kwa lugha ya siku zote ni vijidudu. Kila kimoja ni chembe moja tu, hakina jicho wala sikio wala kinywa. Vile viitwavyo stafilokoki, ambavyo ni katika wenyeji wakuu wa ngozi ya mwanadamu, elfu moja vikipangwa mstari hutimiza kadiri ya milimita moja. Mwenye kudhani kwamba kila kijidudu ni ugonjwa amekosea. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya, aliyekwisha kuoga na kuvaa nguo safi, imejaa vijidudu, na wengi wao hawamdhuru kitu. Mahali pakavu kama mkono wa mbele huwa haba. Mahali penye unyevu, kama kwapani na kati ya vidole vya miguu, hufika milioni moja na kuzidi katika sentimita moja ya mraba.

Na jasho lenyewe, litokapo tu, halina harufu ya kutajika. Ushahidi wake ni rahisi: nguo iliyoloa jasho sasa hivi hainuki kama nguo hiyo hiyo iliyolazwa mpaka kesho. Kinachonuka ni mabaki ya chakula cha vijidudu. Stafilokoki huichukua sehemu moja ya protini iliyomo katika jasho wakaigeuza kuwa asidi ya isovaleriki, nayo ndiyo harufu ya viatu na soksi inayojulikana na kila mtu. Vingine hutoa asidi nyingine, na vingine amonia. Kwa hiyo harufu ya mtu si yake peke yake. Ni ya mtu pamoja na mji mzima wa wapangaji wake.

Wataalamu wa mbu walilifikia jambo hili kwa njia ya miguu. Mwaka 1995 Bart Knols na Ruurd de Jong, Waholanzi, walieleza kwamba mbu aina ya Anofelesi gambiae, aliye mashuhuri kwa kueneza malaria katika Afrika, akimpata mtu aliyekaa kimya bila nguo, hupenda kumuuma vifundoni na nyayoni kuliko mahali pengine. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuulia vijidudu, mbu wakaacha kuikusudia vile. Mwaka uliofuata Knols alionyesha kwamba mbu hao huvutwa pia na jibini moja ya Ulaya iitwayo Limburger, ambayo kwa uvundo wake watu huifananisha na miguu isiyooshwa. Sababu yake ni kwamba kijidudu kinachoiivisha jibini hiyo, brevibakteria, ni ndugu wa kijidudu kikaacho kati ya vidole vya miguu. Mwaka 2006 mabwana hao wawili wakapewa huko Marekani tuzo la mzaha, lile linalotolewa kwa uvumbuzi wa kuwachekesha watu kwanza na kuwafikirisha baadaye. Watu wakacheka, ni kweli. Lakini mtu wa Kilombero aliyezika mtoto kwa homa hana sababu ya kuicheka khabari ya miguu na mbu.

Tanbihi. Huenda mtu akaisikia khabari hii akasema: basi anayetia udhu mara tano kila siku, akaosha miguu yake mpaka vifundoni, hana haja ya chandarua. Neno hili si sahihi. Maji matupu huondoa vumbi na jasho, hayawatoi wenyeji wa ngozi. Waliojificha katika mikunjo na vinyweleo hutoka wakazaana, na baada ya saa chache mji umejaa tena. Na hata sabuni ile ya majaribio ilibadili mahali pa kuumwa, haikumfanya mbu amwache mtu. Udhu ni ibada, una sharti zake na nguzo zake, wala hauhitaji kusingiziwa kazi ya dawa. Wanaoupamba kwa madai ya namna hii huidhania kuwa ni kheri, kisha siku mtu akiugua huifungulia mlango shaka.

Sasa irejewe khabari ya vijidudu vyenyewe. Akiuliza mtu: kitu kisicho na ulimi wala sikio husemaje? Huambiwa: husema kwa kutoa kitu mfano wa harufu au ladha. Kila kijidudu cha jamii moja hutoa chembe ndogo za dawa yake, na kila kimoja kina kipokezi cha kuzipokea. Kikiwa peke yake, chembe hupotea na hakuna lisikiwalo. Wakiwa wengi mahali pamoja, chembe hukusanyika zikazidi, mpaka zikifika kipimo maalumu wote hugeuza mwenendo wao kwa pamoja, wakafanya kazi ambayo mmoja peke yake hangeifanya wala isingemfaa. Mwanafunzi wa fikihi hapati taabu kulifahamu jambo hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kuna watu thelathini na tisa msikitini, wote wametawadha, na imamu ni mmoja wao, lakini Ijumaa haisimami. Akiingia mmoja wa kutimiza arubaini, hukumu ya watu wote imebadilika, ingawa kila mmoja wao ni yule yule. Vijidudu navyo vina arubaini yao, ila wao huihesabu kwa kuonja maji waliyomo.

Jambo hili liligunduliwa kwa vijidudu vya bahari ving'aavyo usiku. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walieleza kwamba vijidudu hivyo vikiwa haba katika chupa haviwaki, na vikisongamana huwaka vyote pamoja. Na mfano wake mkubwa ulionekana katika bahari iliyo jirani na Afrika ya Mashariki, katika njia waliyokuwa wakipita watu wa majahazi ya msimu. Usiku wa tarehe 25 Januari 1995 meli iitwayo Lima, ikipita mbali na pwani ya Somalia, iliingia katika bahari nyeupe kama maziwa, inang'aa tangu upeo hata upeo. Miaka kumi baadaye Steven Miller na wenzake walizitafuta picha za setilaiti za siku zile wakauona mwanga huo huo, umeenea kadiri ya kilomita za mraba 15,400, ukadumu siku tatu. Hudhaniwa kuwa ni vijidudu vilivyojaa juu ya mabaki ya mimea ya bahari mpaka vikatimiza hesabu yao.

Stafilokoki wa ngozi hawang'ai, lakini wana lugha yao. Nayo ina ajabu moja: kila jamii ina lafudhi yake, na lafudhi ya jamii moja huziba masikio ya nyingine. Mwaka 1997 watu wa Richard Novick huko New York walionyesha kwamba chembe za kundi moja la stafilokoki zikifika kwa kundi lisilo lake, humzuia huyo mgeni asifanye kazi zake za pamoja. Yaani wanashindana hata kwa maneno. Na wengine hawaishii katika maneno. Mwaka 2016 wataalamu wa Tübingen, Ujerumani, waligundua kwamba kijidudu kimoja cha puani hutengeneza dawa ya kumwua stafilokoki wa dhahabu, yule mwenye kuleta majipu na maradhi ya damu. Walipowapima wagonjwa wa hospitali waliona kwamba katika kila 100 wenye kijidudu hicho, karibu 6 tu walikuwa na yule wa majipu. Na katika kila 100 wasio nacho, walikuwa karibu 35. Hivyo jirani mgomvi humlinda mwenye nyumba pasipo kumjua.

Watu wa Kilombero wana mfano wa ugomvi huu jikoni, ingawa hawauiti hivyo. Anayepika togwa hutia kimea katika uji uliopoa, akaufunika, akauacha. Vijidudu vya uchachu na hamira huingia kazini pamoja, hawa wakila sukari waliyoifungua kimea, na kadiri uchachu unavyozidi, wale wa kuharisha hawawezi tena kukaa humo. Mama anayemwachisha mtoto ziwa kwa togwa amewakaribisha wapangaji wa kwanza ili wamfungie mlango wa pili.

Ama kusaidiana, vijidudu hujenga. Wakishakuwa wengi hutoa ute wakajifunika nao, ukawa kama ukuta wa udongo juu ya fito. Ndani yake mmoja hula mabaki ya mwenziwe, na dawa huwapata kwa shida. Na kama ilivyo katika kila ushirika, hutokea wajanja wanaokula kazi ya wenzao na wao hawatoi kitu. Wakizidi hao, kundi zima hudhoofika.

Hapa ndipo mazungumzo ya vijidudu yanapokutana na mbu. Mwaka 2015 Xinyu Zhang na wenzake wa Texas waliwachukua stafilokoki wa ngozi walio wa kawaida, na wengine wa aina ile ile walioharibiwa lugha yao wasiweze kusemezana, wakawawekea mbu wa homa ya manjano, aedesi, wachague. Mbu wakawaendea wale wanaosemezana zaidi kuliko walionyamazishwa. Kwa hivyo vijidudu vinaambiana kwamba sasa ni wengi, hapa pana chakula na unyevu, na mbu anapita njia akipeleleza maneno yasiyomhusu. Kwake maneno hayo yana maana moja: hapa pana ngozi ya joto.

Huo ni mbu wa homa ya manjano na dengi. Kwa upande wa mbu wa malaria, dalili ilitoka Uholanzi. Mwaka 2011 Niels Verhulst na wenzake walikusanya harufu na vijidudu vya nyayo za wanaume 48, wakampima kila mmoja ni kiasi gani harufu yake huwavuta Anofelesi gambiae. Walioonekana kuwavuta sana walikuwa na vijidudu vingi lakini vya aina chache. Wasiowavuta walikuwa na aina nyingi, na miongoni mwao sudomona walizidi. Na mwaka mmoja kabla yake watu hao hao walikwisha kuona kwamba sudomona mmoja, akioteshwa peke yake katika kisahani, hamvuti mbu, na hali korinebakteria humvuta. Yapasa kutahadhari hapa. Kuonekana mambo mawili pamoja hakuthibitishi kwamba moja ndilo lililolizaa la pili, na watu 48 si umma. Lakini maana yake iko wazi kwa mwenye kufikiri: penye mji wenye makabila mengi yanayozuiana, hakuna kabila moja linaloweza kupaza sauti mpaka ikasikika nje, na palipotawala wachache, sauti yao huvuka ukuta.

Basi yule mwenye damu tamu wa Ifakara huenda ni mtu ambaye ngozi yake imetawaliwa na wachache.

Na kwa nini jambo hili lina uzito Kilombero kuliko penginepo? Bonde hili lina milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili, na kila masika mto hufurika ukalala juu ya mabonde ya mpunga. Wakulima wengi huhama mjini au kijijini wakati huo, wakaishi shambani katika vibanda vilivyo wazi mpaka mavuno, karibu kabisa na mazalio ya mbu. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu walikadiria kwamba mtu mmoja kwa mwaka mmoja huumwa zaidi ya mara 300 na mbu aliyekwisha kubeba vimelea vya malaria. Ni karibu mara moja kila usiku. Maabara iliyoanzishwa na Waswisi Ifakara mwaka 1957, ambayo kwa kubadilika hatua kwa hatua imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, ilikuwa hapo mahali pake hasa.

Mwaka 1997 ulianza katika bonde hilo mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2001 ilionyesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na kuzidi kwa usalama wa watoto wa mwezi mmoja hata miaka minne kwa sehemu 27 katika 100. Hiyo ni faida kubwa. Lakini chandarua humkinga aliyelala. Hakimkingi anayepika nje magharibi, wala anayelinda mpunga.

Ndipo watu wa Ifakara walipofikiri kumhadaa mbu kwa harufu yenyewe. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walitangaza mchanganyiko walioutengeneza kwa maji, amonia, asidi ya maziwa na asidi nyingine chache za namna ile ile zitokazo katika ngozi, pamoja na hewa ya ukaa, na harufu hiyo wakaitia katika vipande vya nailoni. Majaribio yalifanywa katika vibanda vilivyojengwa kwa kazi hiyo, katika kijiji cha Lupiro ng'ambo ya mto. Mchanganyiko ulipowekwa katika kibanda kimoja na mtu akalala katika kingine, kwa umbali wa mita 10 mpaka 100, harufu ya kutengenezwa iliwavuta mbu mara tatu mpaka tano kuliko mtu. Ni jambo la kushangaza, kwamba kitambaa kimemshinda mwanadamu. Lakini vilipowekwa vyote viwili katika kibanda kimoja, mtu alilingana na kitambaa au akakishinda. Maana yake ni kwamba kutoka mbali mbu hufuata hizo asidi chache, na akishafika karibu huutafuta mwili wenyewe, na joto lake, na mamia ya harufu nyingine ambazo hazimo katika nailoni. Kwa hiyo mtego wa namna hii huwekwa nje, mbali na kitanda. Anayeuweka chumbani ameufanya kuwa mwaliko.

Njia hii ilijaribiwa kwa upana katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, ambako kati ya 2012 na 2015 nyumba kwa nyumba ziliwekewa mitego ya harufu iendeshwayo kwa nguvu za jua. Khabari yake ilipotolewa mwaka 2016 ilionekana kwamba penye mitego mbu wa aina ya funestus walipungua kwa sehemu 69 katika 100, na waliokutwa na malaria walikuwa pungufu kwa kadiri ya sehemu 30 katika 100 kuliko wasio na mitego.

Khabari hiyo ya funestus inawahusu sana watu wa Kilombero. Majaribio mengi ya miguu na jibini na vijidudu yalifanywa kwa gambiae, naye bondeni amepungua mno tangu vyandarua vilipoenea. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika vijiji vya huko, zaidi ya sehemu 80 katika 100 za maambukizo hutoka kwa funestus, ingawa hesabu yake ni ndogo kuliko ya mbu wengine. Kila aina ya mbu ina pua yake, na lililosemwa juu ya moja haliwi hukumu ya nyingine mpaka lipimwe.

Wengine wamekwenda mbali zaidi ya mtego, wakataka kubadili mazungumzo ya ngozi yenyewe. Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza kwamba waliwageuza stafilokoki na korinebakteria wa ngozi ili wasitoe tena asidi ya maziwa ile inayomvuta mbu, wakawapaka panya wageni hao. Baada ya siku chache mbu wakapungua kuwaendea panya hao, na hali hiyo ikadumu mpaka siku ya 11. Panya hao waliishi katika vizimba safi vya maabara, hawakulima mpunga wala kuvuja jasho la jua la Ulanga. Ngozi ya mkulima imekwisha kugawanywa na wenyeji wake tangu utotoni, kila kabila na mtaa wake, na mgeni anayeletwa kwa kupakwa atawakuta hao mlangoni.